Tangazo la Jumapili Halileti Mwalimu

Mwezi wa tano ukikaribia kwisha, katika sharika nyingi husomwa tangazo lile lile: shule zinafungwa, na yeyote mwenye moyo wa kusaidia Shule ya Biblia ya likizo amwone mwalimu wa watoto baada ya ibada. Ibada ikiisha, mwalimu husimama chini ya mwembe. Waumini humpita wakimsalimia kwa upendo, wanaelekea kwenye mnada wa ndizi na kuku, naye hubaki na wale wanne wa siku zote. Jumapili inayofuata utasikia kwamba Wakristo wa siku hizi hawajitoi.

Nimewafundisha walimu wa Shule ya Jumapili kwa miaka mingi, na siamini hivyo. Waumini hao hao hukesha msibani, huchota maji, hupasua kuni, hupika pilau la harusi ya jirani bila kuombwa mara mbili. Msibani kila mtu anaiona kazi ilipo, na anajua matanga yataanuliwa. Tangazo letu la watoto halisemi kazi ni ipi, ni ya siku ngapi, wala itakwisha lini. Aliyewahi kuingia huko kwa "wiki moja tu" na kujikuta mwaka wa tatu bado anashika ufunguo wa kabati la vitabu, hawezi kulisikiliza kwa moyo mweupe.

Kabla ya kumwomba mtu yeyote, fungua kalenda. Shule hizi za likizo zilipata sura yake Marekani. Mwaka 1898 Eliza Hawes, mama wa kanisa la Kibaptisti mjini New York, alikodi ukumbi wa kuuzia bia ili awakusanye watoto waliokuwa wakizurura mitaani wakati wa kiangazi. Miaka mitatu baadaye mchungaji Robert Boville aliutandaza mpango huo katika makanisa mengine ya mji huo, kwa sababu aliona vitu vitatu vimekaa bure kwa wakati mmoja: watoto, majengo ya makanisa, na wanafunzi wa vyuo. Akaviunganisha.

Sisi tumelirithi jina la shule hiyo, lakini hesabu ya Boville hatukuirithi. Kwa Tanzania, mwezi Juni watoto wapo na jengo lipo, ila mwanafunzi wa chuo kikuu bado yuko kwenye muhula wa pili, ananoa kalamu ya mitihani. Aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei, ambaye kila kamati humwandika wa kwanza kwenye orodha, mara nyingi anaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) majuma hayo hayo. Kijana wa kidato cha nne amebakiza miezi michache afanye mtihani wake wa Novemba, na shule nyingine humzuia likizo nzima kwa masomo ya ziada. Ukiwa Njombe au Mbozi, ongeza na mahindi yanayosubiri kuvunwa. Ndiyo maana Juni mimi huwaendea walimu wa shule za msingi, ambao likizo yao ni moja na ya watoto, na zaidi wastaafu, watu tuliozoea kuwapa viti vya mbele na kuwanyima kazi. Waliomaliza kidato cha nne nawawekea Desemba, maana wakati huo wako nyumbani wakisubiri matokeo ya Januari. Kenya, yenye likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, orodha itakuwa nyingine. Kila mahali ianze kwenye kalenda.

Kisha mwendee mtu nyumbani kwake, mwezi wa tatu, ukiwa na kazi mkononi. "Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba jambo moja. Jumatatu tarehe 15 Juni hadi Ijumaa tarehe 19, saa mbili asubuhi mpaka saa sita, ukae mlangoni uandike jina la kila mtoto anayeingia, na umjue aliyekuja kumchukua. Ijumaa mchana unatukabidhi daftari, basi." Mama huyo hakuombwa kufundisha, na pengine angeombwa angekataa. Mlangoni anafaa kuliko sisi sote, kwa kuwa anazijua nyumba za mtaa mzima. Wapo vilevile wa uji, wa kuvusha watoto barabara, wa nyimbo, wa kushona, muuguzi wa kukaa na sanduku la dawa. Ukihesabu vizuri utaona walimu hasa ni chini ya nusu ya watu unaowahitaji.

Usiende na mchungaji. Najua wengi hufanya hivyo ili ombi lipate uzito, na uzito huo ndio tatizo. Ni nani atamwambia baba mchungaji hapana, sebuleni kwake, chai ikiwa mezani? Atakubali kwa haya, na Jumanne utapokea ujumbe kwamba mtoto wake anaumwa. Mpe mtu nafasi ya kukataa, halafu mwulize kama mwakani umrudie. Hapana ya mwezi wa tatu inapona. Ya asubuhi ya Jumatatu, watoto 120 wakiwa uwanjani, haina dawa.

Hao waliokubali nao wana haki ya kuulizwa maswali, na wazee wengine wa kanisa huona kufanya hivyo ni kumvunjia mtu heshima. Hapa sitikisiki. Anayetaka kukaa na watoto awe amejulikana usharikani kwa muda wa kutosha, ajaze fomu, atajwe na watu wawili wanaomfahamu, na asibaki peke yake na mtoto hata chooni. Watu wazima wawili kila darasa. Zingatia neno "wazima": kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kijana wa kipaimara anayesaidia kugawa kalamu ni baraka kubwa, lakini naye yuko chini ya ulinzi wetu na hahesabiwi kati ya hao wawili.

Kanuni hiyo ya wawili, tuliyoiweka kwa ajili ya watoto, ndiyo pia inayowabakiza walimu. Niliwahi kumwacha binti mmoja peke yake na watoto zaidi ya 40, kwa sababu alikuwa hodari na mimi nilikuwa na shida. Alimaliza wiki bila kulalamika. Hakurudi tena, na nilijua kosa ni langu. Yethro alimwambia Musa wazi kwamba atajichosha yeye na watu wake, kisha akamshauri aweke wakuu mpaka wa makumi. Mtu na mwenzake, na kundi la watoto ambao majina yao wanaweza kuyashika hadi Jumatano: hapo kazi ina raha, na kazi yenye raha watu huirudia.

Kuhusu fedha tuseme kweli. Anayebadili daladala mbili kuja na mbili kurudi, kwa siku tano amepanda mara 20. Ukimwachia mzigo huo umemgeuza mfadhili wa programu bila kumwambia. Nauli iingie kwenye bajeti kabla ya fulana, na apewe asubuhi, kabla hajalazimika kuuliza. Posho ni jambo jingine, na mimi siipendi, maana mara nyingi hupewa wachache na wiki nzima huishia kwenye manung'uniko. Nauli kwa kila anayesafiri, chai na kitafunwa kwa wote, vifaa vya ufundi viwe vimekatwa na kufungwa tangu Jumamosi. Hakuna kinachomvunja moyo mwalimu kama kufika saa mbili kasorobo akaambiwa gundi bado haijanunuliwa.

Ijumaa ikifika, timiza ulichoahidi. Pokea daftari, pokea ufunguo. Ibadani Jumapili mshukuru kila mmoja kwa jina na kwa kazi aliyoifanya, maana "tunawashukuru wote" haimfikii mtu. Na tafadhali, usimwendee yule aliyefanya vizuri kumwomba aendelee na Shule ya Jumapili mwaka mzima. Kishawishi ni kikubwa, nakijua. Mwache apumzike.

Baada ya wiki mbili waite kwenye chai uwaulize nini kiliwachosha, nini kiwe tofauti, na kama wakumbukwe mwakani. Andika majibu yao. Daftari langu la mwaka jana lina mistari ya namna hii: "Uji, Jumatatu hadi Jumatano tu, ana kliniki Alhamisi." "Nyimbo, atakuja akipewa mwenzake wa gitaa." "Mlangoni, amekubali, apigiwe simu mwezi wa tatu."