Alama za Mtoto Wako Zinatunzwa Wapi? Mwongozo kwa Mzazi na Mlezi

Tuseme wewe ni mzazi, mkazi wa Lizaboni katika Manispaa ya Songea. Asubuhi moja unapokea ujumbe mfupi unaotaja jina kamili la binti yako, kidato chake, mkondo wake na alama alizopata katika jaribio la Hisabati la wiki iliyopita. Kisha unasomeka: binti ameanguka ghafla shuleni, tuma fedha za matibabu kwenye namba hii haraka. Ujumbe wa kitapeli uliozoeleka ungeupuuza. Huu unakutia hofu, kwa kuwa aliyeuandika anayafahamu mambo uliyodhani yanajulikana na shule peke yake.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila sehemu yake inawezekana. Makala haya yanaeleza jinsi programu za upimaji zinavyofanya kazi shuleni, mahali ambapo taarifa za mtoto huweza kuvuja, haki ulizonazo kisheria, na maswali ambayo mzazi anaweza kuyauliza bila kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Programu ya upimaji ni nini?

Ni programu ya kompyuta inayotunza orodha ya wanafunzi, kupokea alama za majaribio na mitihani, kukokotoa wastani na kuandaa ripoti ya mzazi. Kazi ambayo zamani mwalimu wa taaluma aliifanya kwa kalamu na daftari kubwa, usiku kucha, sasa hukamilika kwa dakika chache.

Mzazi aelewe kuwa programu hizi ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni mifumo ya Serikali, kama vile PReM ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ambayo humpatia mwanafunzi wa shule ya msingi namba yake ya utambulisho na hutumika anapohama shule. Aina ya pili ni programu ambazo shule yenyewe hununua au kutengenezewa. Nyingine husimikwa katika kompyuta moja ya ofisi ya taaluma; nyingine hufanya kazi kwa intaneti, na taarifa zake hukaa katika seva ya kampuni iliyo mbali na Songea, pengine nje ya nchi. Tahadhari nyingi zilizomo katika makala haya zinahusu aina hii ya pili.

Ndani ya programu hukaa mengi kuliko alama: tarehe ya kuzaliwa, picha, dini, hali ya afya, namba za simu za wazazi, hali ya malipo ya ada na maoni ya walimu kuhusu tabia. Tapeli akizipata hizi kwa pamoja, hana haja ya kubahatisha.

Taarifa huvuja kwa njia zipi?

Wengi hudhani kwamba uvujaji huletwa na mdukuzi hodari anayevunja ulinzi akiwa ng'ambo. Mara nyingi mlango huwa umeachwa wazi. Desemba 2024, kampuni ya Marekani ya PowerSchool, ambayo programu yake hutunza kumbukumbu za wanafunzi wa shule nyingi za Amerika Kaskazini, iliingiliwa na mtu aliyetumia nywila iliyoibwa. Hakuvunja ukuta, alikuwa na ufunguo. Kwa shule zetu, ufunguo huo hupotea katika njia zifuatazo.

Kwanza, nywila moja kutumiwa na walimu wote, pengine ikiwa imebandikwa ukutani. Alama zikibadilishwa, hakuna awezaye kujua ni nani aliyezibadilisha.

Pili, kuacha nywila ya awali iliyokuja na programu au na kifaa cha kusambazia intaneti. Nywila za namna hiyo hujulikana na yeyote aliyewahi kusimika kifaa kama hicho.

Tatu, kuweka kompyuta ya taaluma katika waifai ileile inayotumiwa na wanafunzi na wageni.

Nne, flashi. Mashine ya kuchapisha ya shule ikiharibika, ripoti za darasa zima hupelekwa stesheneri mjini. Ripoti huchapishwa, mwalimu huondoka, lakini nakala hubaki katika kompyuta ya stesheneri, na flashi hurudi shuleni ikiwa na virusi.

Tano, kundi la WhatsApp. Jedwali la matokeo ya wanafunzi wote likishatumwa katika kundi la wazazi, haliwezi kurejeshwa. Mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho husomwa na mtaa mzima kabla hajafika nyumbani.

Ipo pia hatari ya taarifa kupotea. Tangu mwaka 2018 Songea imeunganishwa na gridi ya Taifa, na umeme umekuwa wa uhakika kuliko enzi za jenereta za dizeli. Hata hivyo umeme hukatika, na kompyuta huharibika au kuibwa. Shule isiyo na nakala rudufu iliyohifadhiwa mahali pengine yaweza kupoteza kumbukumbu za miaka yote kwa siku moja.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini ya sheria hiyo, shule inayoamua taarifa zipi zikusanywe na kwa madhumuni gani ni mkusanyaji. Kampuni inayozishughulikia kwa niaba ya shule ni mchakataji. Shule haiwezi kukwepa wajibu kwa kusema kuwa programu ni ya kampuni.

Taarifa zinazohusu watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Kwa kanuni ya jumla, taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Aidha, sheria inakupa haki ya kuzifikia taarifa, kutaka zenye makosa zirekebishwe, na kupinga uchakataji unaoweza kuleta madhara. Uamuzi unaomgusa mtoto kwa uzito, kwa mfano kumhamishia mkondo mwingine, usitokane na hesabu ya mashine peke yake. Unayo haki ya kutaka binadamu aupitie upya.

Majirani zetu wameshaonesha kuwa sheria za namna hii si mapambo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya eneo la Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Maswali ya kuuliza shuleni

Yaulize kwa staha katika kikao cha wazazi, au kwa barua kwa mkuu wa shule:

1. Programu inayotumika ni ipi, na taarifa hutunzwa wapi?
2. Je, shule ina mkataba wa maandishi na kampuni husika, unaoeleza kuwa taarifa zitarejeshwa na kufutwa mkataba ukikoma?
3. Je, kila mwalimu ana nywila yake, na akihama huondolewa katika mfumo siku hiyohiyo?
4. Je, kompyuta ya taaluma iko katika mtandao uliotengwa na ule wa wanafunzi?
5. Nakala rudufu huchukuliwa kila baada ya muda gani, na lini shule ilijaribu kuirejesha?
6. Ripoti huchapishwa wapi, na matokeo humfikia mzazi kwa njia gani?

Shule yenye utaratibu mzuri itajibu bila kusita. Isiyokuwa nao haina budi kusaidiwa: majibu ya swali la tatu, la nne na la sita yanaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo sana.

Wajibu wako nyumbani

Usimpe mtu mwingine nywila yako ya kuangalia matokeo, wala usiyahifadhi matokeo katika simu ya kuazima. Usisambaze jedwali la darasa hata kama mwanao ameongoza. Hifadhi katika simu namba za mkuu wa shule na mwalimu wa darasa. Ujumbe wa dharura ukifika, piga namba hizo kwanza kabla ya kutuma hata shilingi moja. Tunza ripoti za karatasi, kwani siku mfumo ukipotea zitakuwa ushahidi wako pekee.

Ukibaini tatizo

Iarifu shule kwa maandishi na ubaki na nakala. Shule ikithibitisha kuwa taarifa zimevuja, inawajibika kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Usiporidhishwa na majibu ya shule, wasilisha malalamiko kwa Tume ukieleza tarehe, kilichotokea na madhara yake, ukiambatanisha barua na picha za ujumbe husika. Ujumbe wa kitapeli usiufute: usambaze kwenda namba 15040. Kama fedha zimekwisha kutumwa, mjulishe mara moja mtoa huduma wako wa simu, kisha toa taarifa kituo cha polisi.

Alama za mtoto ni kumbukumbu ya jasho lake. Anayeuliza zinatunzwa wapi haitilii shaka shule. Anatimiza wajibu wa mzazi.