Kati ya Kusikia na Kutii: Msamiati wa Sauti ya Mungu katika Makanisa ya Kigali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vitenzi vya kusikia na kutii vinavyotumika katika maisha ya Kikristo jijini Kigali, ambako Kinyarwanda na Kiswahili hukutana katika ibada na katika mafunzo ya wahubiri. Hoja kuu ni kwamba kati ya kusikia na kutii ipo hatua ya kupambanua. Lugha zote mbili zina maneno ya kuitaja hatua hiyo, lakini mahubiri mengi huiruka na sera haijaigusa. Ushahidi unatokana na uchambuzi wa maana za maneno na wa matukio ya historia ya Rwanda tangu miaka ya 1930.

Utangulizi

Si jambo geni jijini Kigali kwa mwamini kusema kwamba Mungu amesema naye. Kwa Kinyarwanda husema Imana yambwiye. Kwa Kiswahili husema Mungu amesema nami, au nimesikia rohoni. Kauli hiyo hutangulia maamuzi mazito: kukubali au kukataa mchumba, kuacha kazi, kuuza kiwanja, kufunga kwa siku nyingi, hata kuacha dawa. Kisarufi, mtenda katika sentensi hiyo ni Mungu, na mwamini ni mpokeaji tu. Kwa hiyo anayetaka kuhoji ujumbe huonekana kana kwamba anamhoji Mwenyezi Mungu mwenyewe, ilhali anachohoji ni usikivu wa binadamu mwenzake. Umbo la sentensi humficha msikiaji, na pamoja naye huficha uwezekano kwamba amesikia vibaya.

Suala hili limekuwa na uzito wa kisera tangu mwaka 2018. Mapema mwaka huo makanisa zaidi ya 700 ya Kigali yalifungwa kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele. Kisha ikatungwa Sheria Na. 72/2018 ya tarehe 31 Agosti 2018 kuhusu mpangilio na utendaji wa asasi za kidini, ambayo inawataka wahubiri wenye madaraka ya usimamizi wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo. Walipewa miaka mitano kutimiza sharti hilo, na ukaguzi wa mwaka 2024 ulifunga tena maelfu ya nyumba za ibada nchini kote. Hatua hizo zinaeleweka. Hata hivyo, zote zinamlenga anayesema: jengo lake, vipaza sauti vyake na cheti chake. Mwamini anayesikia na kuamua kutii hakutajwa, wala namna anavyoamua.

Maneno yenyewe

Katika Kinyarwanda, kitenzi kumva kina maana pana: kusikia kwa masikio, kuhisi (kama baridi) na kuelewa (kama lugha). Kutokana nacho, kwa kauli ya kutendea, hupatikana kumvira, yaani kutii. Mnyarwanda anayetii, kwa umbo la neno lake, ni mtu aliyemsikia mwingine na kumwelewa kwa namna inayomwelekea huyo mwingine. Jambo hili si la Kinyarwanda peke yake. Katika Kiebrania cha Agano la Kale kitenzi shama hubeba kusikia na kutii kwa pamoja. Katika Kigiriki hupakouo, kutii, kimetokana na akouo, kusikia. Kilatini nacho kiliunda oboedire kutoka katika audire. Waganda huita utii obuwulize, kutoka kuwulira, kusikia.

Kiswahili kimepita njia mbili. Neno la Kibantu lipo na linafanya kazi ileile: mama anayesema mtoto wake hasikii halalamikii masikio ya mtoto. Methali za asiyesikia la mkuu na za sikio la kufa zimesimama juu ya maana hiyo, na msikivu ni sifa ya tabia kabla ya kuwa sifa ya sikio. Lakini sambamba na hilo Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu kutii, pamoja na nomino zake utii na taa. Neno hilo la mkopo lina harufu ya mamlaka: raia hutii sheria, askari hutii amri. Watafsiri wa Biblia walilazimika kuchagua. Katika Kumbukumbu la Torati 28:1, toleo la Union linatumia kusikia. Katika 1 Samweli 15:22 linatumia kutii. Katika Kiebrania mzizi ni mmoja. Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba amepewa nusu mbili za neno moja, na mhubiri anayejenga hoja juu ya tofauti ya kusikia na kutii hujenga juu ya uamuzi wa watafsiri.

Tofauti hii ina athari jijini Kigali. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, kimepata nafasi mpya nje ya mitaa ya Nyamirambo na Biryogo ambako kilikuwa na wenyewe tangu zamani. Katika ibada za Kiswahili, zenye waumini wengi kutoka mashariki ya Kongo, mhubiri hufasiriwa papo kwa papo. Mfasiri anapogeuza kumvira kuwa kutii, kuelewa kunabaki nyuma. Anapogeuza kutii kuwa kumvira, amri tupu inavikwa vazi la maelewano ambalo haikuwa nalo. Si kosa la mfasiri, maana lugha hazikumpa neno lililo sawa.

Neno jingine linalostahili kuangaliwa ni guhanura. Leo makanisani lina maana ya kutoa unabii, na umuhanuzi ni nabii. Lakini guhanura ni pia kushauri na kuonya, na impanuro ni nasaha, kama zile ambazo wazee huwapa maharusi. Nasaha hupimwa, bwana harusi huzisikiliza zote na kuzishika zile anazoona zinamfaa. Kiswahili kilichokopa nabii na unabii hakina kumbukumbu hiyo ndani ya neno. Katika maombi ya vikundi vya Kigali, unabii unaohusu ndoa au mali ungesikika tofauti kabisa kama msikiaji angekumbushwa kwamba anapewa impanuro.

Nani humsaidia msikiaji

Kisa cha Samweli (1 Samweli 3) husimuliwa mara nyingi kama mfano wa utii wa haraka. Usomaji wa makini unaonyesha kinyume. Kijana anaitwa, anakosea kutambua sauti mara tatu, na kila mara anakwenda kwa Eli. Ni Eli, mzee mwenye macho hafifu, anayetambua ni nani anayeita. Jambo linalopitwa aghalabu ni kwamba ujumbe wenyewe ulikuwa wa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Aliyemsaidia Samweli kusikia hakuwa na faida yoyote katika yale yaliyosikiwa. Kigezo hicho ni kikali: yule anayethibitisha kwamba sauti ni ya Mungu asiwe mfaidika wa ujumbe. Mchungaji anayethibitisha unabii unaoamuru sadaka kwake mwenyewe ameshindwa mtihani huo kabla haujaanza.

Rwanda yenyewe ina historia ya kupambanua kwa pamoja. Uamsho uliotokea katika kituo cha misheni ya Kianglikana cha Gahini, mashariki mwa nchi, katika miaka ya 1930, ukiwa na watu kama Blasio Kigozi, Yosiya Kinuka na daktari Mwingereza Joe Church, ulienea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Waliouitikia waliitwa abarokore, waliookoka. Walidai kuongozwa na Mungu katika mambo madogo na makubwa, na baadhi yao waliwakera maaskofu na machifu. Lakini walikuwa na desturi ya kuleta mbele ya ndugu yale waliyoyasikia. Kutembea nuruni, kama walivyoita, kulimaanisha kwamba dhamiri ya mtu haikuwa chumba kilichofungwa. Desturi hiyo nayo ilikuwa na ukali wake; wapo walioona kuwa ndugu walikuwa wakaguzi wa roho za wengine. Hata hivyo iliweka msikiaji wa pili mahali ambapo leo, katika makanisa mengi mapya, yupo mmoja tu mwenye kipaza sauti.

Mfano wa pili ni Kibeho, kusini mwa nchi. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi wa sekondari, Alphonsine Mumureke, alisema ametokewa na mwanamke aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, Mama wa Neno. (Neno jambo, ambalo kwa Kiswahili ni shauri au kitu, katika Kinyarwanda cha kidini ni Neno la Injili ya Yohana.) Baada yake wengi walidai kuona na kusikia. Askofu wa Butare aliunda mwaka 1982 tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Uamuzi ulitolewa tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini baadaye, na kati ya wote waliodai, waliokubaliwa ni watatu tu. Mmoja wao, Marie Claire Mukangango, alikuwa ameuawa mwaka 1994. Haihitajiki kuikubali imani ya Kikatoliki ili kuona kwamba hapa kanisa lilikuwa na utaratibu, muda na ujasiri wa kusema hapana kwa walio wengi.

Utii na mwaka 1994

Hakuna mjadala wa utii nchini Rwanda unaoweza kuukwepa mwaka huo. Imesemwa mara nyingi kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwezekana kwa sababu ya utamaduni wa utii, kwamba watu walisikia redio na viongozi wakatenda. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwani humwondolea muuaji uamuzi wake na kuutupa juu ya kitenzi. Watu walisikia redio ileile na hawakufanya jambo lilelile. Félicité Niyitegeka, mtumishi mlei wa Kanisa Katoliki aliyewahifadhi wakimbizi katika kituo cha Saint Pierre huko Gisenyi, alikuwa na kaka aliyekuwa afisa wa jeshi na aliyetaka kumwokoa. Alikataa kuwaacha aliokuwa akiwahifadhi, akauawa tarehe 21 Aprili 1994. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa wa daraja la Imena. Aliasi sauti ya dola na ya ukoo kwa sababu alikuwa amepambanua nyingine. Kwa upande wa pili, wapo viongozi wa makanisa waliohesabu sauti ya serikali kuwa ya Mungu. Utii wa wote wawili, ukiitwa kwa neno moja tu, hautofautishwi.

Sera na istilahi

Hatari ya kuruka hatua ya kati si ya Rwanda peke yake. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia walikufa mwezi Machi 2000 wakifuata viongozi waliodai kupokea ujumbe wa mbinguni. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na mhubiri Paul Mackenzie akafikishwa mahakamani, akikana mashtaka. Shahada ya teolojia ingeweza kumzuia mhubiri asiye nayo. Isingemfundisha muumini afanye nini anapoambiwa kwamba Mungu amesema afe njaa.

Waraka wa kwanza kwa Wakorintho (14:29) unaweka jukumu hilo kwa wasikilizaji: manabii wanene, na wengine wapambanue. Kitenzi hicho kimo tayari katika Biblia ya Kiswahili, na Kinyarwanda kina ubushishozi, neno linalotumika hata nje ya kanisa kwa uamuzi wenye busara. Wanaoandaa mitaala ya mafunzo ya wahubiri hawahitaji kuunda istilahi mpya. Wanaweza kudai kwamba kila mwanafunzi afundishwe maneno haya mawili kwa pamoja, na kwamba katiba za makanisa ziseme wazi kuwa ujumbe unaogusa ndoa, mali au matibabu ya mtu husikilizwa na watu wawili au watatu wasio na masilahi katika jambo hilo, na kwamba mhusika ana haki ya kuukataa bila kutengwa. Serikali haina uwezo, wala haipaswi kuwa na uwezo, wa kuamua Mungu amesema nini. Inaweza kuuliza kama kanisa lina utaratibu wa kujiuliza swali hilo.

Katika kuandika vifungu hivyo kwa Kiswahili, kusikilizana kunafaa zaidi kuliko utii wa pamoja. Kwa kauli ya kutendana, kitenzi hicho kinabeba kupeana masikio na kupatana kwa wakati mmoja, na Kinyarwanda kina kumvikana chenye maana hiyohiyo ya kupatana. Mfasiri wa papo kwa papo hatapoteza chochote katikati.