Anayetangulia na anayefuata: habari ya Brian McKeever



Sisi wa mashariki theluji tunaiona kwa mbali tu. Walio Mutwanga huona weupe juu ya Ruwenzori asubuhi mawingu yakiondoka, kisha kila mmoja anashika njia ya shamba. Leo tunawaletea habari za mtu aliyeshindana juu ya theluji kwa miaka mingi, hali macho yake hayaoni vizuri. Anaitwa Brian McKeever, wa Kanada. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa jambo ambalo katika jumuiya zetu tunalikosea mara nyingi: namna ya kumwongoza mtu asiyeona.

Mchezo wenyewe

Katika mchezo huu mtu hufunga kwenye viatu vyake mbao mbili ndefu na nyembamba, zinazoitwa skii, na kushika fimbo mbili za kujisukuma. Hateremki mlima tu. Anakimbia tambarare, anapanda, anateremka, anakata kona, pengine kilometa 10 au 20 bila kupumzika. Ni kazi ya moyo, mapafu, mikono na miguu kwa pamoja.

Wenye ulemavu wana mashindano yao makubwa kila baada ya miaka minne, yaitwayo Paralimpiki ya majira ya baridi. Yalianza mwaka wa 1976 huko Sweden. Washindani wa skii wamegawanywa katika makundi matatu: wanaokimbia wameketi, wanaokimbia wamesimama, na wasioona au wanaoona kidogo. Katika kundi hilo la tatu kuna wasioona kabisa, na hao ni lazima wawe na mwongozaji. Wanaoona kiasi wanaruhusiwa kuchagua: kwenda peke yao au kuongozwa. McKeever alikuwa wa hao wanaoruhusiwa kuchagua. Yeye alichagua kuongozwa.

Kijana wa miaka 19

Brian alizaliwa mwaka wa 1979 na kukulia Canmore, mji mdogo wa milimani magharibi mwa Kanada. Kaka yake Robin alikuwa mkimbiaji hodari wa skii, akafika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Brian alikuwa anafuata njia hiyohiyo. Lakini akiwa na miaka 19 macho yakaanza kuharibika. Waganga walikuta ni ugonjwa wa Stargardt, ambao hupita katika ukoo. Baba yao alikuwa nao pia. Robin hakuupata.

Ugonjwa huu hauleti giza lote. Unaharibu katikati ya jicho na kuacha pembeni. Ukisimama mbele ya mtu wa namna hiyo, uso wako ndio unaopotea, lakini anaweza kuona ukuta ulio kando yako. Ndiyo maana watu wengi hawaelewi: wanamwona anatembea bila fimbo, wanadhani anajifanya.

Kazi ya mwongozaji

Robin akawa mwongozaji wa mdogo wake. Mwaka wa 2002 walikwenda pamoja Paralimpiki ya Salt Lake City, Marekani, wakashinda medali mbili za dhahabu na moja ya fedha.

Tuangalie vizuri kazi hiyo. Mwongozaji hamvuti mwenzake kwa kamba wala hamsukumi. Anakimbia mbele yake, karibu kiasi cha kusikika na kuonekana. Anasema kona kabla haijafika, si baada. Anachagua njia iliyo nzuri. Akiinama kwa ajili ya mteremko, anayefuata anajua kwamba ardhi inashuka. Na hapa kuna jambo zito: mwongozaji lazima awe na mbio kuliko yule anayemwongoza, maana anayechoka mbele anamkwamisha wa nyuma. Robin alikuwa mtu wa Olimpiki, lakini umri ulipoendelea aliwaachia wengine nafasi hiyo, akawa kocha. Walifuata Erik Carleton, Graham Nishikawa na Russell Kennedy. Mwaka wa 2018, huko Pyeongchang, Nishikawa na Kennedy walipokezana katika mbio ya kilometa 20, kwa sababu nguvu za mwongozaji mmoja zisingetosha kwa Brian mmoja.

Siku ya uchungu, na siku ya kuanguka

Mwaka wa 2010 michezo ilikuwa nyumbani kwao, Vancouver. Brian aliwashinda watu wenye macho mazima katika mbio ya majaribio ya kilometa 50, akaandikwa katika timu ya Kanada ya Olimpiki yenyewe. Angekuwa mtu wa kwanza kushindana katika Olimpiki na Paralimpiki za baridi mwaka uleule. Lakini kila nchi ilikuwa na nafasi nne katika mbio hiyo, na nafasi zote nne wakapewa wengine. Alikuwepo, amejiandaa, hakukimbia. Hakuficha kwamba ilimuuma. Majuma machache baadaye Paralimpiki ikaanza. Akasimama nyuma ya kaka yake, akashinda dhahabu tatu.

Mwaka wa 2014 huko Sochi, Urusi, katika fainali ya kilometa moja, alianguka mara tu baada ya kuanza. Katika mbio fupi kama hiyo, anayeanguka kwa kawaida amemaliza. Aliinuka akiwa wa mwisho. Nishikawa alikuwa mbele yake akimwita na kumtafutia njia. Wakapita mmoja baada ya mwingine, wakafika wa kwanza.

Alipomaliza michezo yake ya mwisho, Beijing 2022, akiwa na miaka 42, alikuwa na medali 20 za Paralimpiki, na 16 kati yake ni za dhahabu.

Sisi tunafanyaje?

Tukirudi kwetu, tuna wazee ambao macho yao yamefunikwa na mtoto wa jicho, na vijana waliozaliwa hawaoni. Tunawapenda, hilo hatulikatai. Lakini mara ngapi tumemshika kipofu mkono na kumvuta bila kumwambia tunakwenda wapi? Mara ngapi tumemuuliza mtoto anayemwongoza, "Mama anataka nini?", hali mama mwenyewe amesimama pale na anasikia? Tumemketisha mahali pa usalama, tukafikiri tumemaliza kazi.

Robin hakumketisha Brian. Alimkimbiza. Wa nyuma alitumia miguu yake mwenyewe na mapafu yake mwenyewe, na ushindi ulikuwa wake. Wa mbele alitoa macho na sauti. Na katika michezo hii mwongozaji naye huvishwa medali, kwa sababu wote wawili wamekimbia njia ile.

Basi Jumapili hii, ukimpokea asiyeona mlangoni, taja jina lako kwanza. Mpe kiwiko ashike yeye, usimshike wewe. Sema "kuna ngazi" kabla ya ngazi. Na kama anajua kuimba, kufundisha au kuhesabu matoleo kwa vidole, mwulize anataka kusaidia wapi. Kisha msubiri ajibu mwenyewe.