Jenereta na Mzigo: Kwa Nini Taa Hufifia Friji Inapowaka

Wakazi na wafanyabiashara wengi wa Mji wa Kale na sehemu nyingine za kisiwa cha Mombasa hutegemea jenereta stima inapopotea. Kuelewa jinsi mzigo unavyoathiri mashine hiyo kunaweza kuokoa vifaa, pesa na hata maisha.

Jenereta ndogo ya duka la Kibokoni na zile kubwa za KenGen kule Kipevu hutumia kanuni moja: injini huzungusha sumaku katikati ya nyaya, na stima huzalishwa. Mzigo huigusa kwa njia mbili.

Kasi. Kila taa au pasi inayowashwa huongeza mkondo kwenye nyaya, na mkondo huo huizuia sumaku isizunguke. Injini hulemewa, kama mkokoteni unaoongezwa magunia mlimani. Kidhibiti kasi hufungulia mafuta zaidi ili mwendo usishuke chini ya herzi 50 zinazotumika Kenya.

Volti. Mota za friji, viyoyozi na pampu huvuta mkondo wa aina nyingine, unaodhoofisha sumaku ya jenereta. Volti hushuka na taa hufifia. Kidhibiti volti huongeza mkondo unaolisha sumaku, lakini kina kikomo. Kikifika hapo, volti hubaki chini, na mota inaweza kupata moto na kuungua.

Kituo cha Kipevu III, cha megawati 120, kilichoanza kazi mwaka 2011, hugawana mzigo na vituo vingine vya gridi ya taifa, kikiwemo Olkaria. Jenereta ya dukani haina msaidizi.

Wakazi wanashauriwa:

- Jumlisheni wati za vifaa vyote. Zisizidi uwezo wa jenereta.
- Washeni vifaa kimoja kimoja, mkianza na friji au pampu, kwani mota huvuta mkondo mara kadhaa zaidi inapoanza.
- Msiwashe jenereta ndani ya nyumba, ngazini au kwenye kichochoro kisichopitisha hewa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu.
- Msichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani. Stima ikirudi kwenye laini ya mtaa inaweza kumuua fundi. Tumieni swichi ya kubadilishia iliyowekwa na fundi mwenye leseni.

Stima ikipotea mtaani, piga ripoti kwa Kenya Power kupitia 97771.