Python 3.14: Namna kompaila ilivyodanganya vipimo vya kasi

Mwezi wa pili 2025, watumiaji wa Python, moja ya lugha zinazotumika zaidi duniani kuandika programu za ordinatere, walipata habari njema: toleo la 3.14 lingekuwa na kasi zaidi kwa asilimia 9 hadi 15. Sifa zilienda kwa injini mpya ya kutekeleza amri, iliyoandaliwa na Ken Jin, mmoja wa wajenzi wa lugha hiyo.

Mwezi uliofuata, furaha hiyo ilipungua. Mhandisi wa programu Nelson Elhage alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikutokana na ubora wa injini mpya. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa imepunguzwa mwendo, na waliopima hawakujua.

Chanzo kilikuwa kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashine. Injini zote mbili zilikuwa zimejengwa kwa Clang 19, kompaila ya mradi wa LLVM.

Elhage alichukua injini ya zamani bila kuibadilisha, akaijenga kwa kompaila mbalimbali. Ikijengwa kwa Clang 19, ilichelewa kwa karibu asilimia 10 kuliko ikijengwa kwa Clang 18. Alipochungulia amri za mashine zenyewe, alikuta Clang 18 iliweka zaidi ya sehemu 300 za kuruka kwenda amri inayofuata. Clang 19 iliacha 3 tu. Ni kama mji ambao kila mtaa ulikuwa na njia yake ya kutokea, kisha magari yote yakalazimishwa kupita njia panda moja.

Wajenzi wa LLVM walikuwa na sababu. Kurudufu njia hizo kulifanya ujenzi wa programu fulani ule muda na kumbukumbu kupita kiasi, ndipo wakaweka kikomo. Dawa hiyo iliponya ugonjwa mmoja, ikaleta mwingine. Elhage alipokipandisha kikomo hicho, mwendo wa zamani ulirudi.

Ken Jin aliomba msamaha hadharani. Makadirio ya kasi yakashushwa hadi asilimia 3 hadi 5, na LLVM 20 ikaondoa kasoro hiyo. Python 3.14 ilitoka mwezi wa kumi 2025, injini mpya ikiwemo kwa anayeitaka.

Faida ipo, ila ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Kabla ya kumsifu mshindi wa mbio, ni vizuri kuangalia kama aliyeshindwa hakufungwa mguu.