Enzi ya Kuazimwa

Julai 1505 Francisco de Almeida alitia nanga Kilwa. Amiri Ibrahim akakimbia, mji ukatekwa, na Muhammad Ankoni akawekwa kitini. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Mombasa kuchomwa moto. Almeida alikuwa safarini kwenda India, makamu wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko, na hakungoja idhini mpya ya Lisbon kwa lolote kati ya hayo. Angeiomba, jibu lingemkuta baada ya mwaka na zaidi.

Pepo ndizo zilizokipa cheo hicho uzito wake. Merikebu za Lisbon ziling'oa nanga Machi au Aprili, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda na kusi hadi India karibu na Septemba. Kurudi sharti zingoje kaskazi. Kwa mwendo huo mfalme hawezi kuamua vita wala mkataba, basi humwazima mtu enzi yake nzima. Na mwenye kuazima hulala jicho moja wazi. Ndiyo maana muda ulikuwa miaka 3 tu, na si kila aliyetumwa alipewa jina la makamu: Afonso de Albuquerque, aliyeiteka Goa mwaka 1510, alikufa akiwa gavana. Hofu ya mfalme haikuwa ya bure. Albuquerque alipokuja kupokea madaraka, Almeida alikataa kuondoka na akamfungia Cannanore, mpaka kikosi kipya kutoka Ureno kilipowasili mwaka 1509.

Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka ni kwamba umbali huohuo ulimtafuna makamu naye. Alikaa Goa, ilhali Fort Jesus, ngome ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa mikononi mwa kapteni aliyehesabu misimu yake ya biashara kabla hajabadilishwa. Sultani Hasan wa Mombasa aligombana na kapteni, akaishia kuuawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa Jerónimo, kisha akarejeshwa kutawala mwaka 1626. Kwa hesabu za Goa, huyo alikuwa mfalme wao hasa. Agosti 1631 alimuua kapteni na kuitwaa ngome. Manowari za makamu zilifika mwaka uliofuata, zikashindwa kumtoa. Wareno waliingia tena baada ya Yusuf kujiondokea mwenyewe kwa merikebu.

Waomani walipoizingira ngome kuanzia 1696, Goa ilituma misaada, lakini kwa ratiba ya kaskazi. Ngome ilianguka Desemba 1698. Wareno walirejea 1728, na mwaka uliofuata wakafukuzwa tena, safari hii na watu wa Mombasa wenyewe.