Kwa Nini Tano kwa Moja?

Vitu vyote tuvionavyo, yaani ardhi, bahari, jua na nyota, pamoja na miili yetu, ni sehemu ndogo tu ya maada iliyomo ulimwenguni. Sehemu iliyo kubwa haitoi nuru wala haizuii nuru, na kwa hiyo wataalamu wameiita maada ya giza.

Imejulikanaje, na hali haionekani? Imejulikana kwa nguvu yake ya kuvuta. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walipima mzunguko wa galaksi ya Andromeda, na vipimo vya namna hiyo vikaonyesha kuwa nyota za pembeni zaenda mbio kuliko ziwezavyo kuzuiwa na maada ionekanayo peke yake. Kisha vipimo vya chombo cha Ulaya kiitwacho Planck, vilivyotangazwa mwaka 2018, vilionyesha kuwa maada ya giza ni zaidi kidogo ya mara tano ya maada ya kawaida.

Basi hapa ndipo penye fumbo. Kama maada hizi mbili zilipatikana kwa sababu zisizohusiana, moja ingaliweza kuizidi nyingine mara milioni. Majahazi mawili yakitoka bandari mbalimbali na shehena zao zikakaribiana, hatuna budi kuuliza: Je, hayakupakiwa na tajiri mmoja?

Twajua kuwa hapo mwanzo chembe za maada ya kawaida zilizizidi chembe zilizo kinyume chake kwa kadiri ya moja katika kila bilioni. Zilipokutana ziliangamizana, ikabaki ile ziada, nayo ndiyo sisi. Shmuel Nussinov mwaka 1985, kisha David Kaplan, Markus Luty na Kathryn Zurek mwaka 2009, walieleza kuwa huenda maada ya giza nayo ni ziada iliyotokana na asili ile ile. Ikiwa hivyo, idadi za chembe zakaribiana, na kila chembe ya giza ina uzito wa kama protoni tano.

Lakini kwa nini uzito wake ukaribiane na wa protoni? Hilo lataka maelezo yake. Tena chembe nyepesi kama hiyo hugonga atomu kwa udhaifu, na mitambo iliyochimbiwa chini ya ardhi Marekani na Italia haijaikamata.

Vijana wetu na watofautishe: tano kwa moja imepimwa; sababu yake ingali dhana. Mwenye elimu hachanganyi mambo hayo mawili.